Mkataba wa Bibi Toyo

Tarehe 9 Novemba

Daftari hili nimelianza kwa amri. Kijana wa manispaa, Kunimatsu wa idara ya barabara, anataka kila mwenyekiti wa mtaa aandike kila siku mambo matatu: hali ya hewa, hali ya mfereji, tukio. Amechora na safu. Mimi safu sizitaki, maana sijawahi kuwa na siku inayoenea kwenye safu tatu. Yeye nitampa nakala safi. Hii ni yangu.

Uenyekiti wenyewe sikuuomba. Kwetu hakuna kura, ni zamu, nyumba kwa nyumba, na mwaka huu zamu imeliangukia duka la tofu, vile vipande laini vya maharage ya soya. Duka la tofu ni mimi Hatsue na mume wangu Eikichi, ambaye alipopata habari alisema, "Hongera, mheshimiwa," akarudi kwenye gazeti lake.

Leo tumefanya ule mkutano wa pande tatu wa kabla ya theluji: manispaa, mkandarasi, na sisi wakazi, ukumbini, viatu mlangoni. Zabuni ya kusafisha barabara za upande wetu ameshinda tena Tatewaki. Ana matingatinga mawili, kubwa na dogo, ana shingo nene, na kuongea hataki.

Kunimatsu akatusomea mkataba wote, hakuruka hata nukta. Theluji ikifika sentimita kumi alfajiri, tingatinga linatoka. Linasafisha barabara. Milango ya watu haimo.

"Na akinijengea ukuta wa theluji mlangoni?" akauliza Sugaya, kinyozi wetu.

"Haimo, mzee."

"Na nikitaka kumshukuru?"

"Nayo haimo. Ndiyo raha ya mkataba. Kila upande unafanya wake, mnagonga mihuri, na hakuna anayebaki na deni la shukrani kwa mwenzake."

Ukumbi mzima tukacheka. Kijana ana miaka ishirini na sita na anaongea kama fomu.

Kisha likaja jambo lenyewe. Mfereji wetu unapita kando ya barabara chini ya mifuniko ya wavu wa chuma, kuanzia mlangoni kwangu hadi kwa Sugaya kule chini. Baridi ikiingia manispaa inafungulia maji ya mto, nasi tunatupa theluji humo, maji yanaibeba. Ila kwa zamu: nyumba za Juu saa mbili asubuhi, za Kati saa tatu, za Chini saa nne. Tukitupa ovyo, mfereji unaziba na maji yanaingia kwa Sugaya. Sasa mpango wa uboreshaji wa mitaa wa mwaka ujao una nafasi ya kurefusha mfereji mmoja tu. Mitaa mitano imeomba, na sisi ndio wa kwanza kwenye orodha: mita sitini, kutoka mlangoni kwangu kupanda kichochoro hadi kwa Bibi Toyo. Sharti ni moja. Kuanzia leo hadi mwisho wa Februari, mfereji tulio nao usizibe mara tatu. Ukiziba mara tatu, basi hatujui kutumia tulicho nacho, tunaenda mkiani. Huko mkiani watu husubiri miaka saba, minane.

Bibi Toyo ana miaka themanini na tatu. Mwanawe Kazushige, aliyeko Chiba, keshamwambia kwamba majira haya ndiyo ya mwisho kuishi peke yake na theluji, isipokuwa mfereji ufike mlangoni kwake. Sote pale ukumbini tulijua, na hakuna aliyethubutu kumwangalia. Yeye alikuwa anaandika, amevaa miwani yake mbili, moja juu ya nyingine.

Tarehe 10 Novemba

Mvua. Tofu imeisha saa nne.

Tarehe 22 Novemba

Bibi Toyo amekuja na chupa mbili za achari ya figili. Kisa? Juzi Eikichi alimbebea mfuko wa mchele hatua arobaini. Hatua arobaini, chupa mbili! Ndivyo alivyo. Ukimfanyia jambo saa mbili, saa tatu yuko mlangoni na malipo. Mwaka juzi Mwalimu Nozue, yule mstaafu wa hapa Kati, alimwondolea theluji mlangoni wiki nzima. Bibi akakata figili wiki nzima kwenye maji ya barafu hadi vidole vikavimba, akapeleka chupa saba. Mwalimu alizipokea huku machozi yanamlenga, na si kwa sababu ya pilipili.

"Bibi, usingejisumbua," nikamwambia leo.

"Mwanangu, mimi sijafika umri wa kula vya bure," akanijibu. "Nikifika nitakuambia."

Tarehe 4 Desemba

Imeanguka! Sentimita ishirini na mbili. Nilifungua mlango wa duka saa kumi na mbili nikakutana na ukuta hadi kiunoni. Kila mwaka ni hivihivi: Tatewaki anapita alfajiri, na theluji yote anayoikusanya njiani anaimwaga kwangu. Kwa jirani kidogo, kwangu mlima. Nilimkimbilia na ndala zangu, nikampigia kioo cha tingatinga.

"Wewe Tatewaki! Nimekukosea nini mimi?"

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Hujanikosea, mama." Akafunga kioo, akaenda zake.

Nimechimba dakika hamsini. Wateja wawili wamegeuza. Huyu mtu ana chuki na mimi na sijui aliitoa wapi.

Tarehe 5 Desemba

Ukuta.

Tarehe 6 Desemba

Ukuta. Eikichi anasema niupe jina.

Tarehe 13 Desemba

Nikiri jambo, maana daftari ni langu. Kila alfajiri saa kumi na moja, sufuria kubwa ya maharage ikianza kuchemka, napata kama dakika kumi za kusubiri. Leo nimepanda kichochoroni nikaondoa theluji kidogo mlangoni kwa Bibi Toyo, kabla hajaamka, asije akanipikia achari. Ningeiweka wapi? Nimeishusha kwa kigari cha kusukuma nikaitupa mferejini. Najua, zamu yetu ni saa mbili. Lakini ilikuwa mabeleshi machache tu, na mfereji mzima ulikuwa mtupu. Haihesabiki.

Tarehe 19 Desemba

Umeziba. Mara ya kwanza.

Saa kumi na mbili unusu nilisikia kelele kutoka chini, nikadhani moto. Maji yalikuwa yamepanda juu ya mifuniko ya mfereji na kuingia kwa Sugaya, na Sugaya, ambaye hufungua mapema kwa ajili ya wanaowahi treni, alikuwa na mteja kitini, povu shavuni, miguu yote miwili juu. "Usishuke!" Sugaya anamwambia, "nimalizie upande wa kushoto!" Tulikuja sote na mabeleshi, tukafungua mifuniko, tukapigapiga bonge la theluji hadi likaachia. Mteja wa watu tukamtoa nje akiwa mgongoni kwa Eikichi, amenyolewa vizuri sana.

Kunimatsu alifika kwa baiskeli. Kwa baiskeli, kwenye theluji! Akapiga picha, akaandika saa. "Kuna mtu anatupa kabla ya zamu, mama mwenyekiti," akasema kwa sauti ya chini. "Theluji nyingi. Siyo ya mtu mmoja kusafisha mlango wake."

Hasira zimenipanda hadi sasa. Ni nani huyo mwenye roho mbaya namna hiyo, anayejua hali ya Bibi Toyo na bado anafanya hivi?

Tarehe 20 Desemba

Nimeandika kwenye ubao wa taarifa, ule unaozunguka nyumba kwa nyumba, kila mmoja anasoma, anagonga muhuri wake, anampa wa pili: "Yule anayetupa theluji kabla ya zamu aache mara moja. Tunamjua." Hatumjui, lakini aogope.

Ubao umerudi jioni na mihuri yote kumi na saba. Mwalimu Nozue ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Aibu kubwa." Safi sana, Mwalimu.

Tarehe 27 Desemba

Theluji. Ukuta. Mabeleshi machache kwa Bibi Toyo, haraka haraka.

Tarehe 1 Januari

Tumekula mochi za mchele, supu, dagaa watamu. Bibi Toyo alishuka kutusalimia na kimono chake cha rangi ya zambarau, mgongo umenyooka. Aliketi na sisi hadi saa saba. Nilimuuliza kama Chiba ni kuzuri. "Ghorofa ya tisa," akasema. "Hakuna theluji, hakuna watu, hakuna kazi. Kazushige ni mtoto mzuri mno. Amesema nikifika huko nisiguse chochote." Akatazama vidole vyake. Nilimmiminia chai.

Tarehe 8 Januari

Mara ya pili. Asubuhi tena, saa ileile, kwa Sugaya palepale. Safari hii hakuwa na mteja, lakini taulo zote zimelowa, na Sugaya alikuwa amekaa juu ya kiti chake cha kinyozi kama mfalme aliyepinduliwa, anaapa kumnyoa kipara mhalifu akimkamata.

Kunimatsu aliandika saa. Hakunitazama. "Imebaki moja," akasema. "Mama, mimi nautaka mfereji huu kuliko ninyi. Nimeuchora mwenyewe. Usiku naota ile kona ya kichochoro. Lakini nikidanganya kwenye fomu, mtaa wa pili nao utataka nidanganye."

Nilimpa tofu ya moto na vitunguu. Alikula amesimama. Kumbe ana macho mazuri kijana huyu, nilikuwa simwoni kwa sababu ya zile karatasi.

Tarehe 10 Januari

Nitaandika polepole, maana bado nacheka na bado nimeona haya.

Nilimwambia Eikichi asimamie maharage, nikavaa makoti mawili, nikajibanza nyuma ya mashine ya kuuzia vinywaji saa kumi na moja kasoro, ili nimkamate. Hakuja mtu. Likaja tingatinga dogo la Tatewaki, linashuka kichochoroni. Na kwa macho yangu haya nikaona: alipofika kwa Bibi Toyo alilipindisha bapa lake la mbele, akaikumbatia theluji ya mbele ya mlango ule, akashuka nayo taratibu, na alipofika barabarani akaimwaga. Wapi? Mlangoni kwangu!

Nikatoka nyuma ya mashine. Maskini, alishtuka hadi akazima injini.

"Kumbe ndiyo maana!" nikapiga kelele. "Miaka yote hii! Ukuta wangu ni wa Bibi Toyo!"

Akashusha kioo. Akakuna ile shingo. "Kwa mkataba milango haimo," akasema. "Lakini ule mlango... Mama yangu alikuwa na mlango kama ule. Theluji lazima niishushe mahali, na mahali pa kwanza penye nafasi ni kwako. Na wewe una nguvu. Nilikuona unavyochimba."

Sikujua nimpige au nimkumbatie.

"Basi niambie," nikasema, "wewe unapita hapa kila alfajiri. Ni nani anatupa mferejini?"

Tatewaki akanitazama. "Unataka kweli?"

"Nataka."

"Wewe, saa kumi na moja na dakika tano. Mwalimu, na dakika ishirini. Kinyozi, na dakika thelathini. Mumeo, na dakika arobaini."

"Mume wangu?"

"Na kofia ya njano."

Eikichi! Anayeniambia anakwenda kuangalia bomba la moshi! Nikaketi juu ya theluji. Mimi nikipita mlangoni kwa Bibi, napunguza upande mmoja ambao bapa halikufika. Mwalimu akija, anasafisha njia ya choo. Sugaya, ngazi. Eikichi, paa la banda la kuni. Kila mmoja peke yake, kimyakimya, ili Bibi asijue wa kumlipa, na kila mmoja anaona ni mabeleshi machache, hayahesabiki. Yote yanaingia kwenye tundu moja, mlangoni kwangu, ndani ya dakika arobaini hivi, na mimi niko nyuma na mvuke wa maharage sisikii kitu. Na Sugaya, aliyeapa kumnyoa mhalifu kipara, alijimwagia maji mwenyewe.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza Tatewaki.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema, na kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake.

Tarehe 12 Januari

Mkutano wa dharura ukumbini. Nilisimama nikasema, "Mhalifu tumempata. Ni mimi." Kisha Mwalimu Nozue akanyanyua mkono polepole kama mwanafunzi. Sugaya akamwangalia Mwalimu, akaniangalia mimi, akasema, "Ala! Hata ninyi?" Eikichi akavua kofia yake ya njano akaiweka mezani kama ushahidi. Tukacheka hadi chai ikamwagika, tukataniana ni nani alibeba zaidi, Mwalimu akidai ngazi alisafisha yeye, naye Sugaya akimwambia acha uongo mzee wewe.

Hatukumsikia Bibi Toyo akiingia. Alikuwa amesimama pale kwenye viatu.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Mfereji umeziba mara mbili kwa sababu yangu."

"Bibi, siyo hivyo," nikasema.

"Ndivyo hasa. Mmenifanya mzigo wa kubebwa gizani. Ningejua ningekwenda Chiba mwaka jana." Sauti yake haikutetemeka, na hapo ndipo iliponiuma zaidi. "Nitamwambia Kazushige aje. Mkiacha kunihudumia mimi, mfereji hautaziba, na ninyi mtaupata."

"Tuupate wa nini, Bibi?" Sugaya karibu alie. "Mfereji wenyewe ni wako!"

Ndipo Kunimatsu, ambaye tulimwita kwa sababu ya fomu na tulikuwa tumemsahau pale pembeni, akakohoa.

"Samahani. Ningependa kueleza kuhusu mikataba."

"Siyo sasa, kijana," Mwalimu akamwambia.

"Ni sasa, Mwalimu. Manispaa haimfanyii Tatewaki hisani. Tatewaki haifanyii manispaa hisani. Anatoa huduma, anapata malipo yake, mihuri miwili. Kukicha hakuna anayempelekea mwenzake achari." Akageuka kwa Bibi, amekuwa mwekundu masikioni. "Bibi, dirisha lako la juu linaona mfereji wote, mpaka kwa kinyozi. Mimi nilipanda nikapima. Hakuna nyumba nyingine inayoona hivyo. Mtaa huu hauna msimamizi wa zamu. Unamhitaji sana."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Lo, nilitaka kumbusu! "Bibi Toyo," nikasema kwa sauti ya mwenyekiti, "mtaa unatangaza zabuni. Kazi ni kusimamia zamu za mfereji kutoka dirishani kwako, kwa bendera. Malipo ni kusafishiwa mlango, njia, ngazi na banda, kila siku ya theluji, mchana kweupe, ndani ya zamu."

Bibi alivua miwani moja. Akavua na ya pili. "Nikikosea kazi?"

"Unafukuzwa," akasema Kunimatsu.

"Na achari?"

"Marufuku. Itakuwa rushwa."

Bibi akaitazama miwani mkononi mwake. Kisha akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, akafuta macho kwa kitambaa. "Nileteeni hayo masharti niyasome," akasema. "Mimi sisaini vitu nisivyovisoma."

Tarehe 15 Januari

Amesoma siku tatu. Amekataa kifungu cha nne, kilichosema "kwa kadiri ya nguvu zake". Ameandika: "Kwa ukamilifu." Akaongeza kifungu chake mwenyewe: hakuna upande utakaovunja mkataba bila kutoa taarifa miezi mitatu kabla. Tumegonga mihuri nyumbani kwake, mimi kwa niaba ya mtaa, yeye kwa muhuri wa marehemu mumewe, Kunimatsu shahidi. Bendera ni vitambaa vya kufungia vitu: nyekundu Juu, nyeupe Kati, bluu Chini.

Tarehe 16 Januari

Theluji. Bendera nyekundu saa mbili kamili. Ukuta wangu bado upo, ila sasa naujua ulikotoka, na ni mwepesi.

Tarehe 19 Januari

Sugaya alitupa dakika moja baada ya bendera kushuka. Dirisha likafunguliwa, sufuria ikagongwa kwa kijiko mara tatu, mtaa mzima ukasikia: "Kinyozi! Saa yako imekufa?"

Tarehe 24 Januari

Amekuwa mkali balaa. Mwalimu Nozue ameandikiwa onyo.

Tarehe 2 Februari

Bibi ananenepa. Nampelekea tofu, anailipia, nampa chenji. Naapa hatujawahi kuwa marafiki kama sasa.

Tarehe 8 Februari

Nimechoka, lakini leo lazima iandikwe.

Ilianguka jana mchana kutwa na haikukoma. Leo asubuhi kile kijiti cha kupimia nyuma ya kituo cha zimamoto kilikuwa kimezama. Sentimita tisini na moja kwa siku moja. Shule zimefungwa. Tatewaki alipita mara nne, macho yamekuwa kama nyanya, na mara ya nne nilimrushia maandazi ya maharage matamu kupitia kioo. "Haimo kwenye mkataba!" akanipigia kelele, na mdomo umejaa.

Saa mbili bendera nyekundu ikapanda. Tukatupa, nyumba sita, mabeleshi yakigongana, na juu kule Bibi amevaa koti la marehemu mumewe, nusu ya mwili nje ya dirisha. Kila dakika tano sufuria: pigo moja, punguzeni, mawili, endeleeni. Saa tatu, nyeupe. Sisi wa Juu tukapanda kwake kumsafishia, tukaiacha theluji yake kwenye lundo isubiri zamu yetu inayofuata, kama tulivyoandikiana.

Saa nne na robo, wakati wa zamu ya Chini, niliona maji mlangoni kwa Sugaya yanapanda. Yalikuwa yameshafika kwenye wavu. Mara ya tatu, nikasema, ndiyo hii. Sugaya alikuwa ameinua beleshi lililojaa, hakuona.

Sufuria ikalia bila kukoma, kama kengele ya moto. Bendera ya bluu ikashuka ghafla. Na mtaa mzima, Juu, Kati, Chini, kila mtu alisimama palepale alipo na beleshi lake hewani. Sugaya alibaki ameinua lile lake, mikono ikimtetemeka, anasema kwa meno, "Bibi, naomba... Bibi..." Hakuna aliyetupa hata konzi. Tuliyasikiliza maji chini ya chuma. Yakakoroma, yakanyamaza. Kisha bonge likaachia kule mwisho, tukasikia likienda zake mtoni, na maji mlangoni kwa Sugaya yakashuka.

Dakika kumi na mbili, Bibi ndiye aliyehesabu. Bendera ya bluu ikapanda tena, na mtaa ukapiga kelele za furaha kama tumeshinda michezo. Sugaya alitupa lile beleshi lake, akaanguka chali kwenye theluji akicheka, na Eikichi akamrukia juu yake. Wana miaka sitini na minne hao.

Tarehe 28 Februari

Mara mbili, basi. Kunimatsu amekuja na fomu. Amegonga muhuri, akainama sana, na alipoinuka hakuweza kuongea kama fomu tena. Nilimpa kitambaa.

Tarehe 15 Machi

Mpango umetoka, umepita kwenye ubao wa taarifa. Mita sitini, hadi mlangoni kwa Bibi Toyo. Kazi itaanza baada ya theluji kuyeyuka. Mihuri kumi na saba, na Mwalimu kwa kalamu nyekundu: "Vizuri sana. Endeleeni hivyo."

Tarehe 24 Machi

Kazushige amekuja kutoka Chiba na gari na maboksi matupu. Mama yake alikuwa amemwambia kwa simu habari za mfereji, lakini aliona ni maneno ya kumpooza. Alifika jana jioni, na leo asubuhi kumbe theluji ya mwisho imeanguka, sentimita kumi na tano laini kabisa.

Nilikuwa nafungua duka saa moja. Nikamwona yule baba wa miaka hamsini na tano, viatu vya ofisini, anashuka kichochoroni na kigari cha theluji ya mlangoni kwa mama yake, mtoto mzuri kama tulivyoambiwa. Akakifikisha kwenye tundu la mfereji mlangoni kwangu. Akamwaga.

Sufuria!

"Wewe! Kazushige! Zamu yako ni saa ngapi?"

Alitazama juu mdomo wazi. "Mama? Nakusaidia tu!"

"Nani amekuajiri? Uliza mwenyekiti!"

Nikatoka na kivazi changu cha dukani, nikamweleza kwa upole kwamba ni saa mbili, bendera nyekundu, na kwamba mlango ule ni malipo ya mfanyakazi wetu, watu wa nje hawaruhusiwi kuugusa. Baadaye alishuka na karatasi mkononi, ameisoma yote. Akaniuliza kama ni kweli kwamba mama yake hawezi kuondoka bila kutoa taarifa miezi mitatu kabla.

"Kweli. Na tumeshaongeza majira mengine mawili. Muhuri huo hapo."

Aliangalia muhuri wa baba yake kwa muda mrefu. Kisha akatoa kwenye gari mfuko wa zawadi, keki za Chiba zilizofungwa vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili huku ameinama. Nikamrudishia. "Mwanangu," nikamwambia, "hapa hakuna anayedaiwa. Kula mwenyewe njiani."

Amerudi Chiba na maboksi yake matupu.

Tarehe 11 Aprili

Barabara imekauka. Watu wa Kunimatsu wamechora mistari ya waridi kichochoroni hadi juu. Maji ya mto yamefungwa, bendera zimefuliwa. Leo alfajiri, saa kumi na moja, nilisikia mlango wa duka ukigongwa na kitu kidogo. Nilipotoka hapakuwa na mtu, ila chupa moja ya achari ya figili kizingitini, haina jina. Nikatazama juu kichochoroni. Dirisha lilikuwa limefungwa, taa imezimwa.

Nimeila na Eikichi kwa wali wa moto, na sikumuuliza mtu imetoka wapi.